Siku Niliyosema Kiha Barazani

Filbert mwanangu,

Bado uko humu humu ndani, nakusikia ukimuuliza mdogo wako alikoweka kamba ya kufungia sanduku, nami nimejifungia chumbani nakuandikia kana kwamba umeshafika mbali. Usinicheke. Yapo mambo ambayo nikiyaanza kwa mdomo utaniambia, "Mama, nayajua." Mengi kweli unayajua, lakini kwa vipande. Moja hulijui kabisa, maana lilitokea ulipokuwa kambini jeshini baada ya mtihani wa kidato cha sita. Hilo ndilo lililonikalisha hapa tangu jua lilipoanza kuteremka nyuma ya migomba. Barua hii isome kesho ndani ya basi, mkishaipita Kibondo.

Habari za kufua nguo, kula kwa wakati na kujihadhari na watu wa mjini, shangazi yako amekupigia kelele wiki nzima. Mimi siongezi hata neno.

Baba yako alipofariki ulikuwa kidato cha nne, unakaa bwenini. Ulikuja kuzika, na mimi ndiye niliyekusukuma urudi shuleni haraka, kwa hiyo kikao cha kuanua matanga hukukiona. Kilikaa hapo uani. Wanaume walikuwa kwenye viti, mimi nikiwa chini kwenye mkeka, kitambaa cha ufiwa kichwani. Baba yako mkubwa Zakaria alisema shamba la mtoni ni la ukoo na litarudi mikononi mwa ukoo. Nyumba, akasema, nitakaa "kwa muda." Mzee mmoja akauliza, je, mama watoto? Zakaria akajibu bila kunitazama.

"Huyu ni wa Munanila, mtu wa mpakani. Kesho akiolewa na Mrundi huko, shamba la mdogo wangu litalimwa na nani?"

Unajua, Filbert, nilizaliwa Munanila kwenye zahanati ya serikali. Baba yangu na babu yangu wamezikwa upande huu wa mpaka. Nilikuwa na maneno hayo yote mdomoni, nikayameza. Nilidhani mjane kunyamaza ni adabu. Nilidhani pia kwamba kati ya watu wote wale waliokula kwangu na kunywa kwangu, atatokea mmoja wa kunisemea. Walitazama chini, wengine wakafuata viatu vyao. Baadaye nilipoanza kulalamika kwa majirani, jibu likawa lile lile: "Si ulikuwepo? Si ulikubali?"

Maharage niliyoyapanda baba yako akiwa mgonjwa yalivunwa na watu wengine. Niliyaona yakipita hapo barabarani kwenye baiskeli. Ndipo nilipowachukua wadogo zako nikaenda Kibondo kwa mama yako mdogo Skola, nikawa nauza ndizi sokoni. Wewe ulipopiga kwa simu ya mwalimu wa bweni nilikuambia biashara ya Kibondo ni nzuri kuliko kilimo. Ulikuwa na mtihani mbele yako, sikutaka uubebe na huo mzigo.

Sasa nikuambie jinsi chuo kikuu kilivyoingia katika maisha yangu, maana wewe unadhani kimeingia nyumbani kwetu mwaka huu, kupitia kwako.

Siku moja gari la matangazo lilipita sokoni. Likasema wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu watakuwa Kasulu, wakisikiliza watu wenye matatizo ya ardhi, ndoa na mirathi, bila malipo. Skola aliacha kupanga nyanya zake akanitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Watoto wa shule watajua nini cha kwangu?"

"Na wewe ukikaa hapa na ndizi zako unajua nini? Nenda. Watoto nitabaki nao."

Niliwakuta kwenye kibaraza cha ofisi ya kata. Wameazima madawati ya shule ya msingi, mashati yao meupe yameshakuwa mekundu kwa vumbi letu. Yule aliyeniita alikuwa binti mwembamba wa Tanga, amejifunga ushungi, jina lake Mwanaidi. Aliniinamia vizuri akasema, "Mwakeye, mama." Jua lilikuwa utosini. Wanawake wote kwenye foleni walicheka, maana hiyo ni salamu ya asubuhi, na mimi nikajikuta nacheka nao. Tangu msiba sikuwa nimecheka. Mwanaidi naye alicheka, akaomba afundishwe ya mchana, akairudia mpaka ikakaa.

Nilimsimulia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mama, hilo shamba mlilikuta vipi?"

"Lilikuwa pori."

"Nani alifyeka?"

"Mimi na marehemu."

"Wewe kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu. Na mwanangu wa kwanza nikiwa nimembeba mgongoni."

Aliweka kalamu chini. "Basi mama, una la kusema."

Alimwita mwalimu wao, mwanamume mtu mzima mwenye mvi, naye akakaa kwenye dawati lile lile la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Alinieleza taratibu kwamba sheria inahesabu jasho la mke katika mali waliyochuma pamoja, na kwamba kuwa mjane hakumfanyi mtu awe mgeni. Nilifurahi sana. Nikamwuliza ni lini watakuja barazani kunisemea.

"Hatutakuja kukusemea," akasema. "Kwenye baraza la kata mawakili hawaruhusiwi, na hata sisi hatuna nafasi. Utasema mwenyewe."

Hapo nilinyanyuka. Nikafunga kitenge changu vizuri nikaondoka bila kuaga. Niliona wamenichezea. Mtu anakupa njaa ya chakula kisha anakuambia jiko hana. Mwanaidi alinifuata mpaka barabarani, anahema.

"Mama, tuko hapa mpaka wiki ijayo. Nipe jioni zako tu. Ukiona haifai, uniache."

Nilikuwa nimefikia kwa jirani yetu Yustina. Basi kila jioni yule binti alikuja kwa miguu, anakaa na sisi tukichambua maharage, ananiuliza habari za shamba. Mwanzoni nilijibu kwa neno moja moja. Siku ya tatu au ya nne aliomba koti la marehemu mume wa Yustina, akalivaa, mikono ikampita vidole, akasimama mbele yangu.

"Leo mimi si Mwanaidi. Mimi ni shemeji yako. Wewe mwanamke, ulikuja na nini hapa?"

Nilicheka. Akarudia kwa ukali. "Nimekuuliza, ulikuja na nini?" Nikaacha kucheka. Nililia, Filbert, nikalia mpaka Yustina akamwambia yule binti avue lile koti. Hakuvua. Alisubiri nikamaliza, akauliza tena kwa sauti ile ile. Ndipo nikamjibu. Nilianza kwa sauti ya chini, nikapanda. Nilimweleza pori lilivyokuwa, nyoka tuliyemuua, mafuriko yaliyobeba mbegu yetu ya kwanza, na jinsi tulivyopanda minyaa ya mpaka na baba yako siku uliyoanza kutambaa. Nilipomaliza, Yustina akasema, "Mbona siku ya matanga hukuyasema haya?"

Malalamiko yangu nilikuwa nimeyapeleka baraza la kata, na siku ya kusikilizwa ikaja. Zakaria alisema kwanza, na alisema vizuri, unamjua. Mwenyekiti akanigeukia. Mwanaidi alikuwa nje kwenye benchi pamoja na wenzake, hawaruhusiwi kuingia. Nilisimama, na Kiswahili chote nilichojifunza na yule binti kikanipotea. Sikuona hata neno moja. Nilisikia watu wakianza kukohoa. Mama mmoja mjumbe wa baraza, mtu mnene mwenye miwani, akainama kunielekea.

"Mama, sema Kiha. Sisi sote tunasikia."

Basi nikasema Kiha. Sikumtukana Zakaria, sikulia, sikuomba huruma. Nilieleza tulivyolipata shamba na nani alilima. Nilieleza nilizaliwa wapi na baba yangu amezikwa wapi. Yustina alisimama akathibitisha, akasema yeye alitupikia uji tulipokuwa tukifyeka. Wajumbe walikwenda shambani wenyewe wakatembea kwenye mpaka wake wa minyaa. Uamuzi ulipotoka walisema shamba ni la mjane na watoto wake, na kwamba mtu wa Munanila ni mtu wa Tanzania kama mtu wa Kasulu. Zakaria alichukua kofia yake akatoka. Hakukata rufaa.

Mwanaidi alinipokea mlangoni akanishika mikono. "Mama, umesema nini mle? Nimesikia sauti tu, sikuelewa hata neno."

Nikamwambia, "Nimesema yale yale yetu."

Ninakiri kwamba hata leo nikikumbuka naona fahari. Na fahari hiyo nusu yake ni ya yule binti, ambaye alinifundisha kusema halafu akakaa nje asielewe ninachosema.

Yaliyofuata unayajua. Tulirudi, tukalima, ukafaulu, ukaenda kidato cha tano. Likizo iliyofuata wale wa chuo walirudi, safari hii wakitaka watu wawili wawili kila kijiji wafundishwe kuwa wasaidizi wa kisheria. Mwenyekiti wa kijiji alitaja jina langu, nikadhani anatania. Tulifundishwa kwenye ukumbi wa parokia: mirathi, ndoa, ardhi, jinsi ya kusikiliza bila kuchukua upande, wakati gani umwambie mtu ukweli kwamba hana haki katika jambo lake. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nimewahi kumwambia mama mmoja wa Manyovu kwamba hana haki, alinichukia mwaka mzima, kisha akaniletea mkungu wa ndizi.

Ulikuwa ukirudi likizo unakuta watu wamekaa uani wananisubiri, unanuna kwa sababu chakula kinachelewa. Sikukueleza vizuri wakati ule. Nilidhani unaona. Wale watu, mwanangu, ndio chuo kikuu kilichofika hapa kwetu. Hakuna ghorofa, hakuna maktaba, ni mkeka na benchi. Wanaume wamekuja pia. Yule Yoramu mwenye mashine ya kusaga alikuja akitaka kuandika wosia, akasema hataki wake zake wavutane siku akifa. Wale akina mama wa familia zilizotoka Burundi miaka mingi iliyopita, ambao sasa ni raia, walikuja wakiogopa hata kuketi. Nikawasemesha kwa lugha ya nyumbani wakaketi.

Na si kwamba wao walitupa tu. Yule mwalimu mwenye mvi aliniambia siku moja kwamba habari yangu wanaizungumza darasani, kwamba wanafunzi wanasoma kitabuni mjane ana haki, lakini hawakuwa wanajua ni kitu gani kinachomfunga mdomo. Nikamwuliza, "Kwa hiyo na mimi nimewafundisha?" Akasema, "Umetufundisha, mama." Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mwanaidi sasa ni mwanasheria wa halmashauri huko kusini. Akinipigia anaanza na Kiha chake kibovu, na ananiambia kule nako wajane wanaambiwa maneno yale yale, anakaa nao jioni kama alivyokaa nami.

Barua yako ya kuchaguliwa ilipokuja, nakuambia kweli, nilitamani iwe sheria. Wewe ukasema ualimu, hisabati. Nilinyamaza siku nzima, ukadhani nimeudhika. Nilikuwa nafikiri ni watoto wangapi wa hapa wanaacha shule kwa sababu ya hisabati, na ni mwalimu gani alikaa nao jioni. Nenda kasome hisabati. Nimeridhika nayo kuliko unavyojua.

Sasa lile usilolijua.

Ulipokuwa kambini, baba yako mkubwa alikuja hapa. Nilikuwa napukuchua mahindi. Alisimama hapo mlangoni na kofia mkononi, hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti.

"Shemeji, nina shida."

"Karibu."

"Ni Levina."

Levina binti yake unamkumbuka, aliolewa Kibondo. Mumewe alikuwa amefariki, roli lilipinduka kwenye mteremko. Msiba haujapoa, wakwe wakafunga nyumba kwa kufuli, wakamwambia arudi kwao.

"Nilikwenda kuwaona," Zakaria akasema. "Nikawaambia mnamwonea mtoto wangu. Baba mkwe akanijibu, hii ndiyo mila, na wewe mwenyewe unaijua. Akasema, hata kwako mambo haya yalikuwepo." Aliigeuza kofia mikononi. "Sikuwa na la kumjibu."

Nisikufiche. Kwa muda nilionja utamu wa kumwona pale. Nilikumbuka maharage yangu kwenye baiskeli. Nikaendelea kupukuchua, naye akawa anatazama zile punje zinavyoanguka kwenye ungo. Nilimfikiria Levina, jinsi alivyokuwa akija hapa mdogo kukubeba wewe, akikung'ang'ania mpaka jioni. Nikamwambia, "Kuna basi la asubuhi. Tutakwenda wote."

Tulimkuta Levina kwa Skola, aliyempa pa kulala tangu afungiwe nyumba, amekonda, haongei. Jioni nilimketisha nikamwuliza kama Mwanaidi alivyoniuliza mimi. Nyumba ilijengwa vipi, nani alichota maji ya matofali, nani alipika kwa mafundi. Kisha nikahitaji mtu wa kuwa mkwe, wa kumsemesha kwa ukali azoee. Skola hawezi, yeye angecheka. Nikamgeukia Zakaria.

"Shemeji, wewe uwe baba mkwe. Mwambie maneno watakayomwambia."

Alisimama. Akaanza vizuri, kwa ile sauti yake ya vikao. "Wewe ni mtu wa kuja. Kesho ukiolewa kwingine, mali ya mwanangu itakuwa ya nani?" Levina akainua uso akamtazama. Zakaria akafungua mdomo aendelee, na hakuendelea. Akakaa kitako chini, si kwenye kiti, chini kabisa sakafuni. Baadaye akasema, taratibu, akinitazama mimi, "Maneno haya nilikwambia wewe."

"Ndiyo."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Hakuniomba radhi kwa maneno mengi, na mimi sikuyadai. Alinyanyuka, akajifuta mavumbi, akamwambia binti yake, "Nijibu mama, nijibu kwa nguvu." Wakaendelea mpaka Levina akajibu.

Barazani Levina alisema mwenyewe. Nyumba amerudishiwa, anaishi humo na watoto wake. Shamba bado linabishaniwa, tutakwenda tena mwezi ujao. Tangu hapo akina mama watatu wa mtaa wake wamemwendea kumwuliza ilikuwaje, naye anawaeleza. Unaona inavyokwenda. Binti wa Tanga alikaa na mimi, mimi nikakaa na Levina, na hao watatu sijui watakaa na nani.

Wewe hujamsalimia baba yako mkubwa tangu ulipojua habari ya shamba. Mkikutana njiani unavuka. Sikukukataza, maana hasira yako ilikuwa kwa ajili yangu na ilinipa moyo wakati nilipohitaji. Sasa siihitaji tena. Kesho asubuhi atakuja na baiskeli kubeba sanduku lako mpaka stendi. Aliniomba, nami nikamwambia kwamba uamuzi ni wako, kwa hiyo ukikataa hutaniaibisha. Lakini nilitaka ujue kwanza ni mtu gani atakayekuwa anasukuma hiyo baiskeli. Nilipoanza barua hii nilisema uisome njiani. Nimebadili mawazo. Nitakupa leo.

Wewe ni mwanamume, na umesoma. Siku moja utakuwa umekaa kwenye kiti katika kikao cha ukoo, na mwanamke amekaa chini kwenye mkeka, na watu watakuwa wanatazama viatu vyao. Sikuambii ufanye nini siku hiyo. Nakukumbusha tu kwamba ulikuwepo mgongoni mwangu shamba lilipokuwa pori.

Na chuo kikikutuma kufanya mazoezi ya kufundisha, pengine watakupeleka mahali usipojua hata salamu yao. Watakucheka. Wewe cheka nao, halafu uombe wakufundishe.

Nimesikia umeangusha kitu jikoni, na wadogo zako wanacheka, na wewe unacheka kuliko wote. Nyumba hii kesho itakuwa na sauti moja pungufu. Naacha kuandika hapa, nije nikae na ninyi kabla ugali haujapoa.

Mimi mama yako mzazi,
Editha, msaidizi wa kisheria wa kijiji chetu